Kinga ya bwana yangu imekula Jumapili zetu

BARUA

Yaya, mkubwa wangu, salamu nyingi.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Katuba hapa Lubumbashi, nauza vitenge sokoni. Bwana yangu yuko Ubelgiji, mji wa Genk, tangu 2021. Alienda kwa masomo, akamaliza, akapata kazi ya ufundi wa umeme kiwandani. Usinipe pole ya mwanamke aliyetupwa, maana sijatupwa. Kila mwezi franga zinafika, minervali ya shule inalipwa, watoto wanavaa. Nakuandikia kwa sababu ya kinga.

Ndiyo, kinga, baiskeli. Nikimweleza mtu hapa anacheka kabla sijamaliza, ndiyo maana nimeficha jina.

Baridi ya mwaka juzi bwana yangu alinyamaza. Kwenye simu mimi ndiye niliyekuwa nikisema, yeye anaitikia tu: mm, ndiyo, sawa. Ilipofika Machi mwenzake wa kazini akamvuta kwenye klabu ya watu wanaopanda kinga Jumapili asubuhi. Tangu hapo amepata ulimi, lakini ulimi wote ni wa kinga. Mnyororo, gurudumu, upepo wa mbele, upepo wa mgongoni. Siku moja alinieleza mpaka vocha ikaisha kwamba njia za kinga za jimbo lile la Limburg hazifuatwi kwa majina bali kwa namba. Kila njia panda ina namba yake kwenye kibao, unaandika namba zako kwenye karatasi na unaenda. Ati aliyebuni jambo hilo alikuwa mhandisi wa mgodi wa makaa ya mawe, aliyezoea njia za chini ya ardhi zenye namba. "Unaona?" akaniambia. "Ni kazi ya baba kabisa!" Marehemu baba mkwe wangu alikuwa mtu wa Gécamines, kampuni ya migodi. Yaya, siku hiyo mimi nilikuwa nangoja anyamaze ili nimwambie kwamba mabati yamepanda bei.

Simu yetu ya Jumapili, saa tano, tukitoka misa, imekufa. Saa hiyo yuko njiani.

Anatuma picha. Amevaa kaptula ya kubana ambayo siwezi kumwonyesha pasta. Picha moja anapita katikati ya bwawa, njia imechimbwa ndani, maji yamefika usawa wa kichwa kulia na kushoto. Hiyo watoto wanaipenda. Mama mkwe alipoiona akauliza: "Nilimsomesha ili apande kinga? Hapa wanaopanda kinga si ndio wale wa makala, wabeba makaa?" Majirani wamesikia, sasa watoto wa mtaani wanamwita binti yangu mtoto wa makala.

Huyo binti ndiye aliyeandika jina la kinga ile kwenye simu, bei ikatoka: euro 2,900. Yaya, nyumba yetu ya Kalebuka haijaezekwa. Kuta zinanyeshewa. Sijamuuliza kitu. Nimekasirika kimya.

Halafu kuna hili. Mwezi wa kumi na mbili na mwezi wa kwanza franga zilikuja nusu. Akasema ni mambo ya kazini. Juzijuzi binamu yake anayeishi Liège ananiuliza kwenye simu: "Na bega limepona vizuri?" Bega gani? Kumbe Novemba alianguka na kinga, akavunjika mfupa wa mtulinga, na mimi mke wake sijui.

Katika kila picha kuna mwanamke mwenye kofia ngumu ya njano. Nilipouliza akasema ndiye anayewaongoza, ni mwalimu, ni bibi mwenye wajukuu. Labda ni kweli. Nyuma ya ile miwani nitamjuaje bibi na nisiyemjua?

Jambo lenyewe ni hili. Tulikubaliana Julai aje. Hajafika nyumbani tangu aondoke. Juma lililopita akaniambia klabu inaenda Ufaransa kupanda mlima unaoitwa Alpe d'Huez, una kona 21, na kwamba angependa sana kwenda nao, kisha Noeli "labda" aje. Dada yangu anasema nimwamuru aiuze, franga ziende kwenye mabati. Mama mkwe anataka kumpigia yeye mwenyewe, na mama mkwe akipiga simu, si simu, ni hukumu. Shemeji anasema nimpe mambo mawili achague: kinga au ndoa.

Mimi naogopa. Akiacha kinga atarudi kuwa yule wa mm, ndiyo, sawa. Asipoacha, mimi ni nani kwake? Ile faili ya kutuita mimi na watoto tumeizungumza tangu apate kazi, na bado iko mdomoni. Nimwambie achague, au ninyamaze?

Mama wa Katuba

JIBU

Mdogo wangu,

Sikucheka. Nilicheka kidogo pale kwenye miwani, na nadhani hata wewe ulicheka ulipoandika.

Wote wanaokushauri wameshika kinga. Dada anataka iuzwe, shemeji anataka iachwe, mama mkwe anataka ilaaniwe. Lakini mimi nikisoma barua yako naona mambo yaliyokuumiza hayakuja siku moja wala hayana mzizi mmoja. Bei ni jambo lake. Bega ni jambo lake, tena zito kuliko bei. Jumapili ni jambo dogo lenye dawa. Julai ni kubwa. Na faili umeiweka mwishoni kwa mistari miwili, na mistari hiyo miwili nimeirudia kuliko yote.

Tuanze na bei, kwa sababu ndiyo inayokunyima usingizi. Binti alisoma bei ya duka. Hakusoma alichotoa baba yake. Niliishi Ubelgiji miaka kadhaa kabla ya kurudi hapa, na kule wafanyakazi wengi hawanunui kinga ya namna hiyo kwa mkono wao. Mwajiri anaikodi kwa miaka michache, mfanyakazi anakatwa kidogo kidogo, mara nyingi kwenye ile bonasi ya mwisho wa mwaka, na muda ukiisha anaweza kuinunua kwa bei ya chini au kuirudisha. Kama yake ni ya hivyo, dada yako anakushauri uuze kitu ambacho si chenu. Inawezekana pia aliinunua kwa mtu, imetumika. Na inawezekana alitoa euro 2,900 taslimu akakaa kimya. Sijui, na wewe hujui, kwa sababu hujauliza. Katika kinga za mbio bei hiyo ni ya katikati: za kuanzia zinapatikana kwa euro 1,000 hivi, na wanazopanda mabingwa zinapita 10,000. Sisemi hivyo ili uone 2,900 ni kidogo. Kwa mtu ambaye kuta zake zinanyeshewa Kalebuka, si kidogo hata siku moja. Ujue pia kwamba mchezo huu hauachi kula baada ya kununua: matairi, mnyororo, viatu, ada ya klabu. Ukimuuliza, uliza kwa mwezi, si kwa bei ya dukani.

Kuna franga nyingine ya kuuliza. Kama anakwenda kazini kwa kinga, yoyote ile, waajiri wengi wa kule wanalazimika kumlipa kwa kila kilomita. Mkataba wa kitaifa ulioanza Mei 2023 uliweka senti 27 za euro kwa kilomita, kwenda na kurudi, zikihesabiwa kilomita zisizozidi 20 kwa upande mmoja. Kwa kiwango hicho, anayekaa kilomita 10 kutoka kiwandani anapata euro 5 na senti 40 kwa siku. Kwa mwezi wa kazi hizo ni mabati kadhaa. Huenda bwana yako anazipata na hajaona kwamba zinakuhusu.

Sasa bega. Nikuambie ninavyoona zile franga za nusu. Kule mtu akiumia nje ya kazi, mwajiri anabeba mshahara wote au sehemu yake mwezi wa kwanza, baadaye chama cha bima ya afya kinapokea zamu, nacho kinalipa takriban asilimia 60 ya mshahara ghafi, tena kwa kiwango chenye kikomo. Mtulinga unaweza kuchukua wiki 6 mpaka 12 kabla fundi umeme hajanyanyua mkono kufanya kazi juu ya kichwa. Novemba barabara za kule zina majani yaliyolowa, yanateleza kuliko sabuni. Akianguka Novemba, Desemba na Januari pato linapungua. Kwa hiyo "mambo ya kazini" haukuwa uongo mtupu, ulikuwa ukweli uliokatwa kichwa. Na pengine alijibana zaidi ya unavyodhani ili hata hiyo nusu ifike.

Hapo simtetei. Mume aliyelala na mkono umefungwa kifuani na mke wake anasikia kwa binamu, hilo linauma, na una haki ya kumwambia linauma. Ila jiulize alimficha nani. Alikuficha wewe, au alimficha mama yake aliyeko nyumbani kwako siku za simu? Mtu ambaye kinga yake imekuwa kichekesho cha mtaa mzima, akianguka nayo, atapata wapi ujasiri wa kusema ameanguka? Sisemi ni kosa lako. Nasema nyumba ikicheka, aliye mbali anachagua habari za kutuma.

Katika jambo hili ningekuomba uulize kitu kimoja kabla ya lawama: siku akianguka vibaya zaidi, nani atanipigia? Vilabu vya kule kwa kawaida vimejiandikisha kwenye shirikisho, na ada ya mwaka inabeba bima ya ajali. Je, ameilipa? Jina la nani limeandikwa kama mtu wa kuarifiwa? Kama ni la binamu wa Liège, namba yako iongezwe. Kofia ngumu sheria ya Ubelgiji haimlazimishi mwenye kinga ya kawaida kuivaa, ingawa vilabu vingi vinaidai. Mwombe aivae hata akienda dukani peke yake. Hayo ni maombi ya mke, hakuna atakayeyaita ukali.

Umesema kabla ya kinga alikuwa amenyamaza. Wewe uliyaona kwa simu, mimi niliyaona kwa macho kwa watu wengine. Hapa Lubumbashi tofauti ya siku ndefu na siku fupi haifiki saa moja na nusu, hatujui giza ni nini. Genk mwishoni mwa Desemba jua linatoka karibu saa tatu kasorobo asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Mtu anaingia kiwandani gizani na kutoka gizani, anafungua mlango wa chumba ambamo hakuna wa kumwambia karibu. Tena Genk ni upande wa Waflandria: Kifaransa alichotoka nacho hapa hakimfikishi mbali, lazima Kiholanzi. Watu wa kule si wabaya, lakini kukualika nyumbani kwao ni kazi ya miaka. Kupanda kinga ubavuni mwako ni rahisi kwao zaidi. Wanakwenda wawili wawili, mtu wa mbele anakata upepo, wa nyuma anapumzika, kisha wanabadilishana, na katika kubadilishana huko hata mgeni asiye na maneno mengi anakuwa na kazi inayohitajika. Nadhani hapo ndipo ulimi wake ulipofunguka. Si lazima uipende kinga kwa sababu hiyo. Lakini unaogopa akiiacha atarudi kunyamaza, na hofu hiyo haikutoka hewani. Umemjua mtu wako.

Turudi kwenye zile namba za njia panda, ulizozisimulia kama kero. Ni kweli aliyokuambia. Mpango ule ulianzia Limburg mwaka 1995 na aliyeubuni, Hugo Bollen, alikuwa mhandisi wa migodi. Genk yenyewe ilikuwa mji wa makaa ya mawe, Winterslag na Waterschei zilifungwa miaka ya 1980 mwishoni, na vilima vya mabaki ya mgodi bado vimesimama. Mtoto wa mtu wa Gécamines, aliyekua akiuona mlima wetu mweusi wa mabaki ya madini na bomba lake la moshi, anafika nchi ya baridi na kukuta vilima vya mgodi, kisha anagundua kwamba njia anayopita Jumapili ilifikiriwa na mtu wa mgodi. Na wa kwanza kumwambia alikuwa wewe. Mimi ningesema hiyo ilikuwa barua yake ya mapenzi, nawe ulikuwa unahesabu mabati. Wote wawili mlikuwa na haki siku hiyo.

Kwa mama mkwe sitakawia. Makala anayopikia bukari, ugali wake, hayashuki mbinguni. Kuna wanaume wanaosukuma kinga yenye magunia kutoka barabara ya Kasenga na ya Likasi kabla hakujapambazuka, na sijaona aibu iko wapi hapo. Binti yako akiitwa mtoto wa makala, mwambie hivyo hivyo. Na kama bibi anataka majina makubwa, yapo: Biniam Girmay wa Eritrea alishinda mashindano ya Gent–Wevelgem mwaka 2022 huko huko Flandria, Mwafrika wa kwanza, na 2024 akachukua hatua tatu za Tour de France pamoja na fulana ya kijani ya mwenye pointi nyingi. Septemba 2025 ubingwa wa dunia wa barabara ulifanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika. Sidhani atanyamaza kwa hayo, lakini watoto watapata la kujibu mtaani.

Kuhusu kofia ya njano sikuhakikishii kitu nisichokiona. Watu wanaopanda kwa kundi hawana nafasi kubwa ya kuongea mambo ya siri, macho yako kwenye gurudumu la mbele. Lakini baadaye kuna mkahawa, na mkahawani watu ni watu. Badala ya kukuza picha kwa vidole, mwombe Jumapili moja akupigie kwa video wakiwa pale, awataje mmoja mmoja nawe uwasalimie. Mtu asiye na la kuficha atafurahi. Akisitasita, hapo utakuwa na jambo la kuuliza, na litakuwa jambo jingine kabisa, si la kinga.

Jumapili yenyewe: kuanzia mwisho wa Machi mpaka mwisho wa Oktoba saa ya Genk na saa yetu ni moja. Wakati wa baridi sisi tunatangulia kwa saa moja. Vilabu vingi huondoka karibu saa tatu asubuhi na kurudi mchana. Saa yenu ya tano inaangukia katikati kabisa. Mnaweza kuihamishia saa kumi na mbili jioni, au Jumamosi. Ni kweli kwamba wewe ndiwe utakayekuwa umesogea, si yeye. Basi adai kitu nawe udai kitu: saa ihame, lakini katika simu hiyo dakika za kwanza ni za mabati, minervali na watoto, kinga ije baadaye.

Sasa ulichoniuliza. Ukimwambia achague, naona anaweza kujibu kwa njia tatu, na hakuna inayonituliza. Anaweza kusema amekuchagua wewe, kisha aifiche kinga jinsi alivyoficha bega, na wewe huna macho ya kuona chumba cha chini cha nyumba ya Genk. Anaweza kuiuza kweli, baridi ikaingia, nawe ukarudishiwa yule wa kuitikia. Au anaweza kukasirika aseme hachagui, na hapo neno limeshatoka, mama mkwe na shemeji wanakuangalia utafanya nini. Wanawake wengine wamelitoa neno hilo na likawafaa, sikatai. Mara nyingi lilifaa pale mume alipokuwa ameacha kutuma, na wako hajaacha.

Kunyamaza nako si salama. Umenyamaza tangu bei itoke kwenye simu, na tayari hasira yako ya mabati imemfikia mwanamke wa kofia ya njano ambaye labda ni bibi kweli.

Julai ndiyo inayonisumbua. Ahadi ni ahadi, watoto wameihesabu, na Julai wako likizoni. Sitakuambia ahadi hiyo ni nyepesi. Ila naomba umuulize swali ambalo sikuliona kwenye barua: anaogopa nini kurudi? Safari ya Alpe d'Huez watu huchangia gari na nyumba ya kulala, anavaa kaptula yake, anapanda zile kilomita 13.8, anarudi kazini. Safari ya Lubumbashi ni tiketi ya kupitia Addis Ababa, kisha sanduku la shangazi, simu ya mpwa, mchango wa msiba uliompita, na lupango, ua wa nyumba, lililojaa watu asubuhi ya kwanza wakitaka kumwona mtu wa Bulaya. Nimewajua waliochelewesha kurudi mwaka baada ya mwaka, wakisema kazi, wakisema karatasi, kumbe ni hesabu hiyo. Anajua pia kwamba atashuka ndegeni akutane na nyumba isiyoezekwa na kinga inayochekwa. Kama hofu yake ni hiyo, mnaweza kupanga safari ndogo: aje bila tangazo, mizigo ya watoto tu, mama mkwe awe upande wenu kabla hajafika. Mfanyakazi wa siku tano kwa wiki ana haki ya siku 20 za likizo kwa mwaka kule, kama alifanya kazi mwaka mzima uliotangulia. Wiki moja mlimani na mbili na nusu kwenu hazigongani kwenye kalenda. Zinaweza kugongana mfukoni, na hilo ni la kuhesabu pamoja mkiwa na namba zote, zile za kwake na zile za kwako za vitenge.

Nafika kwenye faili. Ubelgiji inamtaka anayeita familia aonyeshe pato la kudumu na la kutosha, nyumba inayotosha watu wanaokuja, na bima ya afya inayowabeba. Mwaka 2025 masharti haya yalikazwa zaidi. Kwa hiyo bega lililovunjika na miezi ya malipo ya bima ni mambo yanayokuhusu hata kwa upande huo, na unaweza kumwambia hivyo bila ugomvi. Upande wako pia una kazi. Mahari na sherehe ya familia peke yake haitoshi. Ndoa iwe imeandikishwa kwa afisa wa hali ya raia wa komini, yaani manispaa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto viwepo, kisha vithibitishwe. Karatasi hizo zinachukua muda mrefu, na nyingi ni wewe unayeweza kuzianza, si yeye. Zimeanza?

Kuna jambo moja ambalo, mdogo wangu, sikulipata popote katika barua yako: kwamba unataka kwenda. Umeandika faili iko mdomoni, hukuandika ya mdomo wa nani. Una biashara yako, una wateja, una nyumba inayongoja mabati. Mtu anayejenga Kalebuka na mtu anayeandaa safari ya Genk wanaweza kuwa mtu mmoja, lakini wanahesabu franga tofauti. Inawezekana yeye naye anasoma hivyo: kila ukimwambia mabati anasikia kwamba huji, nawe kila akikuambia mlima unasikia kwamba harudi. Sijui kama ndivyo. Wewe utajua ukijiuliza usiku mmoja, mama mkwe akiwa amelala.

Ukiamua kuongea naye, mimi ningetanguliza bega kabla ya bei. Mwambie umesikia, uliza kama bado linamuuma akivaa shati, kisha umwambie lililokuuma wewe. Bei ije siku nyingine. Julai ije baada ya bei, kwa sababu mkijua kinga ililipwaje mtajua pia safari ipi inawezekana. Ukitaka, mwombe akutumie karatasi ya namba za njia atakayopita Jumapili, watoto wazifuate kwenye ramani ya simu akiwa njiani. Binti yako aliyeweza kutafuta bei hatashindwa na ramani.

Na mama mkwe azuiwe kwanza kupiga simu, hata kwa juma moja. Hilo unaweza kumwomba leo jioni.